Kushinda nyumbani si kushinda mechi: maswali yenu kuhusu Kiingereza cha mapumziko na hisia

Barua za safari hii karibu zote zimetoka Mwanza, kandokando ya Ziwa Victoria: Buzuruga, Igoma, Capri Point, Nyegezi, na moja imevuka maji kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe. Wengi mnalalamika kwamba maneno mnayajua, ila mkiyaunganisha mgeni anakunja uso au mwalimu anashika kalamu nyekundu. Tukizisoma barua zenyewe tunaona msamiati mnao wa kutosha. Wanaowaponza ni vitenzi vyetu vyenye kazi nyingi, kucheza, kupiga, kushinda, kusikia, kupenda, ambavyo kila kimoja Kiingereza kimekigawa vipande vipande.

Shikamoo. Tulipewa insha ya “My Weekend”. Niliandika: “On Saturday I won at home. On Sunday I went to walk to my aunt in Igoma and we played music until evening.” Mwalimu amekosoa vitenzi vyote vitatu bila kueleza sababu. Kosa liko wapi?
*Mwanafunzi wa kidato cha pili, Buzuruga*

Marahaba. Kwanza usikate tamaa: wakati uliopita umeuweka sawasawa. Kilichokuangusha ni kutafsiri kitenzi kwa kitenzi.

Kushinda kwetu kuna maana mbili, kupata ushindi na kukaa mahali kutwa nzima. “Win” ni ushindi tu. Mwalimu amesoma kwamba Jumamosi kulikuwa na mashindano nyumbani kwenu na wewe ukaibuka kidedea. Andika “I stayed at home all day” au “I spent the day at home”. Na hata kwenye ushindi wenyewe kuna mtego. “Win” hufuatwa na kile kinachogombewa: mechi, kombe, zawadi. Yule aliyeshindwa hufuatana na “beat”. Kwa hiyo “We won the match”, lakini “We beat Form Three”. Ukisema “We won Form Three” umesema mlikabidhiwa kidato cha tatu kizima kama mbuzi wa mashindano.

Chukua mfano wa ngoma za Bulabo, sherehe ya Wasukuma, pale Bujora, Kisesa, ambako makundi mawili, Bagika na Bagalu, hucheza kwa wakati mmoja na kundi linalovuta watu wengi ndilo mshindi. Utaandika “The Bagalu won the contest” au “The Bagalu beat the Bagika”, na kwa upande wa pili “The Bagika lost”. “Beat” haibadiliki ikienda wakati uliopita: leo “we beat them”, jana vilevile “we beat them”.

Kutembea nako kumebeba mizigo miwili. “Walk” ni miguu. Kwenda kutembea kwa shangazi ni “visit”, na kitenzi hiki hakitaki “to”: “I visited my aunt in Igoma.” Katika mazungumzo ya kawaida watu husema “I went to see my aunt”. Matembezi ya jioni yasiyo na haraka ni “go for a walk”, na kupunga upepo ni “get some fresh air”.

Sasa kucheza. “We played music” maana yake mlipiga vyombo, au mliwasha redio. Kama mlicheza kwa mwili, “we danced”. Kucheza bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, na majembe yake ni “dance the bugobogobo”, si “play”. Na kwa kuwa wengi wenu mnaimba kanisani: si “I sing choir”, ni “I sing in a choir”.

Hapo ndipo mwalimu wako atakapokupeleka kwenye “play”, “go” na “do”, basi chukua kabisa. “Play” ni ya michezo ya mpira na ya kushindana: “play football”, “play netball”, “play pool”, “play cards”, “play bao”, na drafti ni “play draughts”, ingawa Mmarekani atasema “checkers”. Mchezo hauwekewi “the”, ila ala ya muziki kwa kawaida huwekewa: “play football” lakini “play the guitar”. “Go” huchukua shughuli inayoishia na “-ing”, ambayo mara nyingi unatoka nyumbani kuifanya: “go swimming”, “go fishing”, “go shopping”, “go dancing”. Anayebadilika ni “go” peke yake: “we went swimming”, kamwe si “we went swam”. “Do” hubakia na mazoezi ya mwili yasiyo na mpira: “do karate”, “do aerobics”, “do some exercise”. Angalia hapo mwisho: “do exercises” ukiongeza “s” inaweza kueleweka kama mazoezi ya darasani, yale ya kwenye daftari.

Mwangaluka! Naomba neno moja tu: kupiga kwa Kiingereza ni nini?
*Dereva wa bodaboda, Nyegezi*

Neno moja halipo, ndugu yetu. Kupiga stori ni “chat”. Kupiga picha ni “take a photo”. Kupiga simu ni “call” au “make a call”. Kupiga gitaa ni “play the guitar”, kupiga makasia ni “row”, kupiga mbizi ni “dive”, kupiga kelele ni “make a noise”, kupiga pasi ni “iron”, kupiga mswaki ni “brush your teeth”, na kupiga miayo ni “yawn”. “Beat” ibakize kwa ngoma ya kugongwa na kwa timu mliyoifunga. Abiria ukimwambia “I will beat you” ukikusudia kumpigia simu, atashuka.

Nahudumu mezani katika hoteli moja. Nikimuuliza mgeni “Do you like tea?” anajibu “Yes, I do”, kisha anarudi kwenye simu yake, chai haagizi. Nikiuliza “More coffee?” anasema “I'm fine”, nikimmiminia anashangaa. Juzi nimemuuliza mmoja “Don't you like fish?” akasema “No”, nikamletea samaki. Wageni hawa wanataka nini?
*Mhudumu, Capri Point*

Barua yako tumeifurahia kuliko zote, kwa sababu wageni wako wote walijibu sahihi.

“Do you like tea?” inauliza tabia ya mtu: wewe ni mpenzi wa chai? Anapenda, amekujibu, yamekwisha. Ukitaka kumkaribisha kitu ni “Would you like some tea?” Naye atajibu “Yes, please” au “No, thank you”. Katika kusema, “I would like” hufupishwa kuwa “I'd like”, na ile “d” husikika kwa mbali sana. Kwa hiyo mteja akiwa na menyu mkononi, hata ukisikia kama “I like”, chukulia anaagiza. Kuna “like” nyingine mbili zitakazokukuta mezani. “What's the tilapia like?” haihusiani na kupenda hata kidogo. Mgeni anataka umweleze sato wenu yukoje: mkubwa kiasi gani, ana miiba, anakuja na nini. Jibu “It's a whole fish, fried, with ugali or chips”, usijibu “Yes, I like it”. Na wewe unapotaka kujua apikweje, uliza “How would you like your fish?” kisha mtajie: “fried” wa kukaanga, “grilled” wa kuchoma, “in sauce” wa mchuzi. Sangara ni “Nile perch”. Dagaa usihangaike kuwatafutia jina, sema “dagaa” halafu ongeza “very small dried fish from the lake”.

“I'm fine”, “I'm good”, “I'm all right” mtu akizitoa baada ya kukaribishwa kitu, zote zinasema hapana, inatosha. Hakujibu salamu. Weka birika chini.

La tatu ndilo kubwa, na linawakwaza hata walimu. Kwa Kiswahili mtu akiulizwa “Hupendi samaki?” na kweli hapendi, hujibu “Ndiyo, sipendi”. Ile ndiyo inakubaliana na muulizaji: umesema kweli. Kiingereza hakimtazami muulizaji, kinatazama jambo lenyewe. Hapendi? “No, I don't.” Anapenda? “Yes, I do.” Swali liwe na “don't” au lisiwe nayo, jibu halibadiliki. Mgeni wako aliposema “No” alikuwa anakwambia samaki hapana. Ushauri wetu: mezani usiulize kabisa kwa kukanusha. “Don't you want dessert?” licha ya kuchanganya, ina harufu ya kumlaumu mtu. “Would you like dessert?” inatosha.

Tukiwa hapohapo, kuna “mind”, ambayo hukujaitaja ila siku moja itakuja. “Would you mind waiting ten minutes?” maana yake utaona vibaya kusubiri dakika kumi? Kwa hiyo mgeni akijibu “No” au “Not at all”, amekubali kusubiri. Akikuuliza yeye “Do you mind if I sit here?” nawe unamruhusu, jibu ni “Not at all, please sit down”. Ukisema “Yes” kwa ukarimu wako, umemfukuza. Na ukiulizwa uchague kati ya vitu viwili na vyote ni sawa kwako, sema “I don't mind”. “I don't care” ni sijali, na usoni mwa mteja ni ufidhuli.

Mwanangu yuko darasa la tatu shule ya Kiingereza. Kila Jumapili alasiri ananiambia “Mama, I'm boring.” Nahisi kuna kosa lakini siwezi kulieleza.
*Mama wa watoto wawili, Igoma*

Umehisi sawa, mama. Mtoto anajitangaza kuwa yeye mwenyewe ni wa kuchosha. Alichotaka ni “I'm bored”: ameboeka.

Kanuni inayofundishwa ni kwamba “-ing” ni kwa kinachosababisha na “-ed” ni kwa anayepatwa, nayo ni kweli, lakini watoto huisahau kabla ya kengele. Kiswahili kina njia nyepesi zaidi. Sisi wenyewe tunatenganisha inaboa na nimeboeka, inachosha na nimechoka, inashangaza na nimeshangaa, inasisimua na nimesisimka, inakera na nimekereka, inavunja moyo na nimevunjika moyo. Upande wa kwanza kote ni “-ing”: “boring”, “tiring”, “surprising”, “exciting”, “annoying”, “disappointing”. Upande wa pili kote ni “-ed”: “bored”, “tired”, “surprised”, “excited”, “annoyed”, “disappointed”. Mwanao akisema “I'm boring”, muulize kwa Kiswahili: wewe unaboa, au umeboeka? Atajirekebisha mwenyewe, na safari ya tatu au ya nne hutamuuliza tena.

Mtu naye anaweza kuwa “boring”, kama ni wa kuchosha kweli. Wala si kila neno linaingia kwenye mkumbo huu: kinachotisha huitwa “scary” na anayeogopa ni “scared”, kazi inayotia msongo ni “stressful” na mwenye msongo ni “stressed”.

Kwenye kutamka, msikilize asiongeze irabu mwishoni. “Bored” ni silabi moja, si “boredi”. Ile “-ed” inakuwa silabi kamili pale tu neno lilipoishia na sauti ya “t” au “d”: “excited”, “interested”, “disappointed”. Kwingine inamezwa: “tired”, “pleased”, na kwenye “relaxed” na “shocked” inasikika kama “t”.

Kosa lingine la Jumapili alasiri ni “fun” na “funny”. Mtoto akirudi kutoka ufukweni akasema “It was funny”, amesema palikuwa na vichekesho, au palikuwa na jambo la ajabu. Kufurahia ni “It was fun” au “We had fun”. Na “enjoy” haisimami peke yake: “I enjoyed very much”, ambayo utaisikia hata kwenye hotuba za watu wazima, inakosa kitu cha kufurahiwa. “I enjoyed the party”, “I enjoyed it”, “I enjoyed myself”.

Naongoza wageni kwa boti. Ziwani ni “in the lake”, “on the lake” au “at the lake”? Pia nataka kumuuliza mtu kama anasikia baridi au anaogopa. Na “pole” nimwambieje?
*Muongoza watalii, Mwanza*

Ile “-ni” ya ziwani ndiyo inayokuchanganya, maana inafanya kazi ya maneno manne. “In the lake” ni ndani ya maji: samaki, na mtu anayeogelea. “On the lake” ni juu ya maji: boti yako. “By the lake” ni kando: hoteli, wanaopunga upepo. “To the lake” ni kuelekea. Ukimwambia mtu “Yesterday I was in the lake with six tourists”, atauliza kama wote waliokolewa. Chombo chenyewe nacho kina utaratibu wake: mtumbwi mdogo unaokaa ndani ni “in the canoe”, lakini kivuko unachoweza kutembea juu yake ni “on the ferry”. Kupanda mtumbwi ni “get into”, kupanda kivuko ni “get on”.

Kisiwa cha Saanane wengine bado mnakiita “the zoo”. Kilianza hivyo mwaka 1964, lakini tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, kwa hiyo mgeni mwambie “Saanane Island National Park”.

Kusikia ni “hear” kwa sauti peke yake. Baridi, njaa na kiu havisikiwi kwa Kiingereza, mtu anakuwa navyo kama hali: “Are you cold?”, “Are you hungry?”, “Are you thirsty?” Joto ni “Are you hot?”, na hapo chunga. Kuuliza hivyo juani hakuna ubaya, ila “You look hot” ni kumwambia mtu anavutia, tena kimahaba. Anayetapika kwa mawimbi ni “seasick”, hata kama haya ni maji baridi na bahari iko mbali. Anayeogopa ni “afraid of the water” au “scared of the water”. Kama hajaogopa ila roho haijatulia, ni “nervous about the trip”. Ukiulizwa “Can we swim here?” jibu la mahali penye kichocho ni “It's not safe to swim here because of bilharzia”. Usiishie kwenye “No”, maana asiyejua sababu huruka majini ukigeuka.

Pole haina tafsiri moja, na “sorry” ya kila mara inawashangaza wageni kwa sababu kwao mara nyingi ni kuomba radhi. Mtu akijikwaa nawe ukasema “Sorry!”, anaweza kujiuliza kama ni wewe uliyeweka jiwe. Mwambie “Are you all right?” Pole na safari: “How was your trip? You must be tired.” Mgonjwa: “I hope you feel better soon.” Habari mbaya kwa jumla: “I'm sorry to hear that.” Msiba: “I'm sorry for your loss.” Pole na kazi acha ibaki Kiswahili. Wafundishe, wataipenda.

Kijiweni tunabishana. Mmoja anasema “prefer than”, mwingine “prefer to”. Nani kashinda?
*Wasomaji watatu, Nansio, Ukerewe*

Wa “to”. “I prefer tilapia to Nile perch.” “I prefer playing to watching.” Anayeipenda “than” hajapotea sana, ila aihamishie kwenye “would rather”, ambako kitenzi hukaa kikavu, bila “to” wala “-ing”: “I'd rather play than watch.” Msiseme “I prefer more”, kwa kuwa ile zaidi imo ndani ya neno tayari. “My best favourite” vivyo hivyo, “favourite” inatosha. Mmarekani huiandika “favorite”.

Mngebishania hili lingine, lina faida zaidi: “sana” inakaa wapi? Kwetu ni baada ya kitenzi, napenda sana mpira. Kiingereza hakiruhusu “very much” kutenganisha kitenzi na kitu chake. “I like football very much”, au bora zaidi “I really like football”. Msiweke “too much” mahali pa sana. “Too” ina lawama ndani yake, imepita kiasi: “I watch football too much” ni toba.

Ngazi ya kupenda, kutoka chini: “I can't stand it” siwezi hata kuivumilia, “I hate it”, “I don't like it”, “I don't mind it” si mbaya, “I like it”, “I really like it”, “I love it”, “I'm mad about it” ndio ugonjwa wenyewe. “Quite” iogopeni kidogo. Mwingereza akionja ugali wenu akasema “quite nice”, ni mzuri kiasi, asije akawavimbisha kichwa. Mmarekani akisema hivyohivyo, ameusifu.

Naandika maombi ya kazi. Kwenye “hobbies” nimeweka: “I am interesting in reading, watching and making friends.” Mwisho: “I look forward to hear from you.” Inatosha?
*Mhitimu, Nyegezi*

Bado. Wewe ni “interested in”. “Interesting” ni sifa ambayo mwajiri atakupa mwenyewe akikuona. “Watching” inaning'inia: watching nini? Kuangalia televisheni na mechi ni “watch”, kuangalia picha ni “look at”. “Making friends” iondoe, haimwambii mtu chochote. Mahali pake weka jambo moja lenye umbo: “I play netball for a local team” au “I sing tenor in a church choir”. Kila utakaloliandika utaulizwa, kwa hiyo andika lile unaloweza kulizungumzia dakika mbili.

Mwisho wa barua ni “I look forward to hearing from you”. Hiyo “to” si ya kitenzi, ni kama “in” na “at”, na baada ya maneno ya aina hiyo kitenzi huchukua “-ing”: “interested in learning”, “good at cooking”, “fond of reading”, “tired of waiting”. “Enjoy”, “can't stand” na “feel like” nazo zinataka “-ing”. “Want”, “hope”, “plan” na “would like” zinataka “to”. “Like”, “love” na “hate” hazina ubaguzi.

Tahajia: kitenzi kifupi chenye irabu moja na konsonanti moja mwishoni huirudia konsonanti hiyo, “swimming”, “running”, “jogging”, “chatting”. Chenye “e” mwishoni huiacha, “dancing”, “writing”. “Reading” na “cooking” zina irabu mbili, haziongezi kitu.

Na siku ya usaili usichanganye “What do you do?”, ambayo ni kazi yako, na “What do you do in your free time?” Ukiulizwa ya kwanza usianze na netiboli. Kama uko chuoni, sema “I study”. Waingereza wa vyuo vikuu husema “I'm reading law”, ila wewe ukiitumia mwajiri wa hapa ataona kitabu tu.

Nimemmisi rafiki yangu aliyehamia Dar. Niliandika “I have lost you, I hear jealous when you go out with others.” Amenuna.
*Msichana, Kirumba*

Ana haki, mdogo wetu. “I miss you” ndiyo uliyoitaka. Mkikutana uso kwa uso sema “I've missed you”. “I have lost you” ni kama amefariki au urafiki umekwisha. Wivu ni “I feel jealous”. Na “go out with” mtu mmoja mmoja mara nyingi ni uchumba, kwa hiyo ulimtuhumu. Mtoko wa marafiki ni “hang out with friends”. Kwa sababu hiyohiyo rafiki wa kiume usimwite “my boyfriend” kama si mpenzi wako. “Miss” hiyohiyo hutumika kwa usafiri: “I missed the ferry”, kivuko kimeniacha.

Tena usiandike “ashamed” kila unapoona aibu. Mwenye haya za kuzaliwa ni “shy”. Aliyeteleza mbele za watu ni “embarrassed”. “Ashamed” ni wa aliyefanya kosa na dhamiri inamsuta. Kwa ile barua yako, “embarrassed” inakutosha.

Nimesema “I am Yanga” kwa mzungu akadhani ndilo jina langu. Na kibanda umiza kwa Kiingereza?
*Shabiki, Mabatini*

“I'm a Yanga fan” au “I support Yanga”. Hiyo “support” haihusu fedha. Ukitaka kumuuliza yeye: “Which team do you support?”

Kibanda umiza hakina neno lake. Eleza: “a small place where you pay to watch football on TV”. Kufunga goli ni “score”, usije ukasema “lock”. Kufungwa ni “lose”: “We lost two one.” Sifuri kwenye mpira Mwingereza huiita “nil”, kwa hiyo 2–0 ni “two nil”. Sare ni “draw”, wakati uliopita “drew”: “We drew.” Na 1–1 kwa kawaida husomwa “one all”.